Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: mtaro uliochimbwa ndani ya kumi na nane

Mheshimiwa Diwani,

YAH: UWANJA WETU WA MPIRA

Salamu nyingi kutoka kwa wananchi wako. Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Naandika hadharani kwa sababu barua za kwenye bahasha nilishaleta, zikagongwa muhuri wa "imepokelewa", na simu nimepiga mpaka anayezipokea ananitambua kwa sauti. Jina la kata sitaliandika. Wewe unaijua, sisi tuliokupigia kura tunaijua, na anayetoka mjini Mwanza kwa daladala kuja huku pembezoni atauona uwanja mwenyewe, umejaa tripu za mawe kana kwamba kuna mtu anajenga ngome.

Jumamosi iliyopita jioni, winga wetu wa kushoto wa timu ya chini ya miaka 15 alikuwa anarudi kukaba. Macho yake yalikuwa kwenye mpira, ndivyo tunavyowafundisha. Asubuhi ya siku hiyo hiyo mafundi walikuwa wamekuja na kurefusha ule mtaro wa msingi, ukavuka mstari na kuingia ndani ya kumi na nane, lile eneo la penalti mbele ya goli. Hawakuweka hata kamba. Mtoto akatumbukia, mkono ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Tukapanda bodaboda mshikaki, yeye katikati, mimi nyuma nimeushika mkono wake. Zahanati wakasema picha hawapigi, tuendelee mbele. Mama yake anaanika dagaa, na wiki hii unajua mvua ilivyonyesha: dagaa waliooza juu ya mwamba hawalipi bili ya hospitali. Nikalipa mimi. Hela ile ilikuwa ya bati.

Sikulaumu kwa mvua, Mheshimiwa. Nakuuliza kuhusu mtaro.

Kwa kuwa wewe umehamia huku ukubwani, niruhusu nikukumbushe uwanja huu umetoka wapi. Palikuwa na mihogo na mawe, mawe zaidi ya mihogo. Uwanja wa CCM Kirumba ulipofunguliwa mwaka 1980, vijana wa huku walitembea kwa miguu kwenda kutazama mechi, wakarudi usiku wakiulizana kwa nini na sisi tusiwe na wetu. Hawakuandika mradi. Walikuwa na mitalimbo na nyundo. Mawe yaliyogoma waliyapasua kwa moto, kama wanavyofanya wavunja kokoto mpaka leo: magogo yanawaka juu ya jiwe usiku kucha, asubuhi linamwagiwa maji ya baridi, linapiga mlio na kuchanika. Mwamba mmoja uliwashinda, wakauacha pembeni. Huo ndio jukwaa kuu letu, na mwembe ulioota kando yake ndio paa. Wewe mwenyewe umewahi kuketi pale kama mgeni rasmi. Nakumbuka ulikunjiwa khanga ili suruali isichafuke.

Magoli yetu ni ya miti ya mikaratusi. Nyavu ni makila yaliyochakaa, tunapewa na wavuvi yakishindwa kushika sangara. Mistari tunachora kwa majivu, chokaa ikipatikana tunafurahi. Lakini vipimo vilikuwa halali. Sheria za mpira zinataka urefu usipungue mita 90 wala kuzidi 120, upana kati ya 45 na 90, na goli liwe na mita 7.32 kwa 2.44. Tulipima kwa futi ya fundi ujenzi, tukakuta tumo. Leo ukipima kutoka goli la ziwani mpaka ukingo wa mtaro, hata watoto wa darasa la nne wanabanana.

Sasa tuje kwenye ahadi, maana hapo ndipo una utajiri.

Ulipokuja kuomba kura ulituletea jezi na mpira mmoja. Tukashukuru. Ukaanzisha kombe lenye cheo chako, mshindi akala mbuzi. Tukashukuru, na mbuzi alikuwa mnene. Kisha siku ya fainali ukasimama juu ya ule mwamba ukakunjua karatasi, ukasema pale patakuwa kituo cha michezo. Viwanja viwili, kimoja cha wakubwa na kingine cha watoto. Kiwanja cha mpira wa pete. Vyumba vya kubadilishia nguo, vyoo, bomba la maji, uzio, na taa ili watu wacheze mpaka usiku. Ukasema kitakuwa kitega uchumi, timu za mjini zitakuja kukodi. Akina mama wakapiga vigelegele. Karatasi ile tuliipiga picha kwa simu, na kwa bahati simu hiyo haijaibiwa.

Baada ya hapo nikaanza kusoma shule mpya. Nimejifunza kwamba jambo linaweza kuwa "kwenye mchakato". Nimejifunza "tunalifanyia kazi". Nimejifunza "upembuzi yakinifu", na watoto wangu wa mazoezi nao wamejifunza: mmoja akikosa goli la wazi wenzake wanamwambia alikuwa anafanya upembuzi yakinifu. Mwenyekiti wa mtaa anasema nimuulize mtendaji. Mtendaji anasema suala la ardhi liko ofisi ya ardhi. Ofisi ya ardhi wanasema wewe mwone diwani wako. Nami diwani wangu nimemwona, kwenye bango.

Na badala ya vyoo zikaja bikoni, vile vinguzo vya kupimia mipaka ya ardhi. Hakuna aliyeitisha mkutano. Zilichomekwa alfajiri, tukaamka tukazikuta, kisha mawe, kisha mchanga, kisha mtaro. Wanasema ni fremu za maduka. Za nani? Hapo ndipo kila mtu ana jibu lake. Wengine wanasema ni za mkubwa fulani anayekaa mjini. Wengine wanasema ni mradi wa halmashauri yenyewe, ndicho kile kitega uchumi, kilichobadilika ni kwamba mpira umeondolewa. Mimi nakisia kwamba hata wewe hujui, na ndiyo maana hupokei simu. Au unajua, na hiyo itakuwa mbaya zaidi.

Najua watakaosema huyu kocha analilia kibanda chake. Waseme. Ni kweli kibanda changu cha kutengeneza pikipiki kiko ukingoni mwa uwanja, na ni kweli nimeambiwa kwa mdomo, bila karatasi, nijiandae kuhama. Pale ndipo ninapopata unga. Pale ndipo natoa hela ya mipira, ya dumu la maji ya wachezaji (ziwa tunaliona, bomba hatuna), ya nauli tukialikwa kucheza mbali. Nyumba yangu ina kuta, haina paa. Mke wangu aliacha kuuliza bati zitakuja lini, na Mheshimiwa, mke akiacha kuuliza ujue umefika pabaya. Goti langu la kulia liliishia kwenye viwanja vya aina hii enzi zangu, sikulipwa, na sidai. Ila sikutegemea kwamba baada ya kutoa goti nitaombwa na kibanda.

Na wasichana wa mpira wa pete, kwa kuwa hao hawatajwi kabisa, wanabadilishia nguo nyuma ya mwamba huku wenzao wameshikilia khanga. Waliahidiwa chumba. Wamepata lundo la mawe, ambalo angalau linawaongezea stara.

Mkoa huu unapenda mpira, na viongozi wake wanapenda kupiga picha na mpira. Pamba ilishuka daraja mwaka 2001, ikahangaika mpaka 2024 ndipo ikarudi Ligi Kuu ikiitwa Pamba Jiji, na sote tulishangilia, hata sisi tuliozaliwa mashabiki wa Toto, timu nyingine ya hapa Mwanza. Mwaka 2017 Mbao, nao wa hapa Mwanza, waliwafunga Yanga 1-0 pale Kirumba kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, wakaenda Dodoma kucheza fainali na Simba, wakapoteza 2-1 katika muda wa nyongeza. Mji ulilala macho. Mwaka 2020 Mbao na Alliance, zote timu za hapa, zikashuka daraja msimu mmoja. Watu wakatafuta mchawi. Mimi sina elimu kubwa ya mpira, sijasoma Malya ingawa chuo hicho cha michezo kiko humu humu mkoani kwetu, lakini nadhani mchawi tunamjua. Sangara hali upepo, anakula samaki wadogo. Ukimaliza wadogo usimshangae mkubwa akikonda. Mrisho Ngassa alizaliwa Mwanza hii kabla ya kwenda kuifungia Taifa Stars mabao mengi. Hakushushwa na ndege akiwa tayari ana mbio zile. Alikimbia mahali.

Watu wananiambia nendeni Nyamagana, kuna nyasi bandia. Ni uwanja mzuri, nauheshimu. Lakini mtoto wa miaka 11 anayetoka shule saa tisa, akapande daladala mpaka katikati ya mji na kurudi giza limeingia, nauli anampa nani? Ninyi kwenye baraza mna posho ya kikao. Yeye hana posho ya mazoezi.

Fedha hakuna, mtasema. Basi nikumbushe jambo mnalolisoma wenyewe kwenye vikao: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inatengwa kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mheshimiwa, hiyo ni 4-4-2, kama tunavyopanga wachezaji uwanjani. Mfumo mnao tayari, kinachokosekana ni pa kuchezea. Kikundi cha vijana wetu kingeomba mkopo kitunze uwanja, kitoze kiingilio kidogo kwenye ndondo, kiuze maji na matunda, kirejeshe. Tuliwahi kuandika hivyo. Tukaulizwa hati ya eneo. Hati ya eneo ndiyo tunayowaomba ninyi.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais alizindua daraja la Kigongo–Busisi. Kilomita 3 juu ya maji. Sisi tuliozoea kusubiri kivuko tulitoa machozi, sioni aibu kusema. Serikali hiyo hiyo iliyosimamisha nguzo ndani ya Ziwa Victoria, huku kwetu imeshindwa kufukia mtaro ambao fundi mmoja ameuchimba kwa sururu? Na mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Tutakusanyika kibandani kuangalia, kama kibanda kitakuwepo, na watoto wataniuliza kwa nini sisi tunacheza barabarani. Tayari wanacheza barabarani, Mheshimiwa. Tangu Jumatatu. Kwenye ile lami ambayo malori ya mchanga yanashuka nayo bila kugusa breki. Tumeweka matofali mawili kila upande kuwa magoli, na mzee mmoja anakaa juu kupiga filimbi lori likitokea. Huo ndio usalama wetu. Nisingependa kukuandikia barua nyingine, ile ambayo kichwa chake cha habari sitaki hata kukifikiria.

Mwanzoni nilitaka kukudai kile kituo chote, na karatasi yako ninayo. Viwanja viwili, sasa nasema kimoja. Taa siombi tena, jua linatutosha. Uzio utakuja na watoto wa watoto wetu. Bomba, basi, tutaendelea kununua dumu. Vyoo siviachi moyoni, hasa kwa wale wasichana, lakini leo siviandiki kwenye madai ili usije ukapata sababu ya kupeleka suala zima kwenye mchakato.

Naomba mtaro ufukiwe. Ufukiwe wiki hii, kabla ya kujua fremu ni za nani, kabla ya kikao, kabla ya upembuzi. Halafu uwanja upimwe uwe eneo la michezo kwenye ramani, kwa bikoni zenu wenyewe, maana tumeona mnazo. Kama eneo lilishauzwa, uje utuambie pale pale uwanjani, ukiwa umesimama juu ya ule mwamba uliotolea ahadi. Lakini hata kama limeuzwa, mtaro ufukiwe.

Usitume mtu wa kuja kupiga picha. Picha tunazo. Usinipigie kuniuliza nimetumwa na nani wala ninagombea nini. Sigombei, natengeneza pikipiki. Kila siku kuanzia saa kumi jioni tunapatikana upande wa mwembe. Ukija, tanguliza tripu moja ya kifusi. Makoleo tunayo, na watu wa kusukuma wapo, kuanzia wale wa chini ya miaka 15 mpaka wazee waliobaki kati ya wale wa mitalimbo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Kocha wa watoto na fundi pikipiki,
kandokando ya uwanja, kwa sasa