Bonane 2026, pamoja na wale waliofia mbali

Bonane, yaani heri ya mwaka mpya, ndugu zangu, bonane batata na bamama, bonane vijana wa mitaa ya Lubumbashi, Kenya yetu ya hapa, Katuba, Kamalondo, Ruashi, Kampemba, na nyinyi wa Annexe ambao mvua ikinyesha tu barabara inawafungia ndani mpaka jua likumbuke kazi yake. Noeli imepita salama, maembe yamejaa hadi hakuna anayebishana bei, bowa (uyoga) zinauzwa pembeni ya barabara ya Likasi, na telefone zimeanza kupokea zile picha za maua na champanyi zenye maandishi ambayo hayasomwi na mtu, unapokea huku unasukuma kule. Mimi mwaka huu situmi picha, naandika, na itakuwa ndefu kidogo. Mwenye haraka aende akasonge bukari yake, atanikuta hapa hapa.

Nataka kusalimia pamoja na wafu. Musishtuke. Bonane ya kwetu siku zote iko na hesabu ndani yake, familia ikikaa kula macho yanaanza kuzunguka, nani alikuwa hapa mwaka jana na leo hayupo, mama mmoja anaanza kulia pole pole, wengine wanamwambia mama acha leo ni feti, halafu wao wenyewe njo wanalia kumpita. Hao wa nyumbani kila mtu anajua wake, siwagusi. Nasema juu ya wale wakubwa wenye majina, waliotutoka 2024 na 2025, juu kuna kitu kinanisumbua: wengi wao wamefia mbali, na mtu aliyefia mbali siye hatujui kumlilia. Kilio cha Lubumbashi munakijua. Turubai, viti vya kukodi, wamama ndani wamekaa chini kwenye matela, wababa nje kandokando ya moto wanabishana siasa na mpira wa Mazembe mpaka asubuhi, na ukifika hata kama humjui marehemu, usiku mmoja unatosha, utaondoka na habari zake zote, za kweli na zile za kuongezea chumvi. Sasa mtu akifia Marekani tunapata nini? Picha yenye mshumaa, mikono miwili ya maombi, na kesho yake tumeshahamia kwa mwingine.

Chukua Profesa Mudimbe. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa tarehe 8 Desemba 1941 Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville, si mbali, ni hapo tu njiani. Ujana wake alipitia kwa watawa Wabenedikto kule Rwanda, akatoka, akasoma hadi udaktari kule Louvain Ubelgiji, akarudi nyumbani kufundisha. Mwaka 1971 serikali ilipounganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA, masomo ya lugha, falsafa na historia yakahamishiwa huku Lubumbashi, naye akaja nayo, akafundisha kwenye kampusi hii hii ambayo leo vijana wanapitia wakikimbilia basi. Halafu Mobutu akataka kumuweka kwenye kamati kuu ya chama chake, MPR. Munajua cheo kama kile kilikuwa na maana gani enzi zile, gari, nyumba, watu wanasimama ukiingia. Yeye akaona afadhali kuacha nchi, hiyo ni karibu na mwaka 1980, na toka hapo maisha yake ya kufundisha yakawa Marekani, muda mrefu pale Chuo Kikuu cha Duke.

Kitabu chake cha 1988 kinachojulikana kuliko vyote, The Invention of Africa, ni kigumu, sidanganyi mtu, kuna kurasa unasoma mara tatu na bado unajiuliza. Lakini swali lake mtoto wa shule analielewa: haya yote tunayoyaita "Afrika" na "Mwafrika", nani aliyaandika kwanza? Anaonyesha kwamba ni wamisionari, wasafiri, maofisa wa koloni na wataalamu wao, wote wamejaza rafu, na rafu ile nzima yeye aliiita maktaba ya kikoloni, na kinachouma zaidi ni pale anapoonyesha kwamba hata siye tukitaka kujisemea wenyewe mara nyingi tunaenda kuazima mule mule. Mukitaka kujua ninasema nini, ingia kilio chochote, sikiliza wazee wakibishana kabila gani lilitoka wapi na nani mwenyeji wa nani katika Katanga, halafu uliza hizo habari wamezitoa wapi. Nyingi utazikuta kwenye karatasi za mzungu fulani wa territoire, yaani ofisa wa wilaya ya koloni.

Amefariki Aprili 2025, na miaka 83. Na hapo ona bahati yake, wiki ile ile njo Papa Fransisko alifariki, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, miaka 88. Telefone zote Papa, redio zote Papa, na ni haki yake, lakini profesa wetu akapita chini chini bila hata kiti kimoja. Kuna watu waliomaliza UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na diploma imetundikwa sebuleni ambao jina la Mudimbe wamelisikia siku ile kwa mara ya kwanza. Siwalaumu wao sana, walaumiwe waliowafundisha.

Na huyo Papa mwenyewe tumlilie vizuri basi. Alitakiwa kuja Kongo Julai 2022, na Goma ilikuwa kwenye programu, goti likamkatalia, safari ikasogezwa. Alipofika mwisho wa Januari 2023 Goma ilishaondolewa, vita vilikuwa karibu mno na mji. Siku ya kwanza pale Kinshasa alitoa sauti, ondoeni mikono yenu juu ya Kongo, ondoeni mikono juu ya Afrika, na maneno yale yalizunguka huku Katanga kuliko mahubiri ya mwaka mzima, juu huku kila mtu anaona malori ya madini yanavyopita kuelekea mpakani Kasumbalesa. Mimi lakini kilichonikaa ni siku iliyofuata, tarehe 1 Februari, alipokaa na watu waliotoka mashariki, wakamsimulia waliyofanyiwa, halafu wakaweka chini ya msalaba vitu vinavyofanana na vile vilivyowaumiza, panga, kisu. Hakuweza kwenda kwenye kilio, kilio kikamfuata.

Dikembe Mutombo, yule wa basketi, alitutoka 30 Septemba 2024, Atlanta, kansa ya ubongo, miaka 58 tu. Mtoto wa Kinshasa, mita 2 na sentimita 18, alienda Marekani 1987 na bursari akitaka kuwa daktari, pale chuo cha Georgetown kocha akaona urefu ule, habari ikageuka. NBA, ligi ya basketi ya Marekani, aliingia 1991 na Denver, akatoka 2009 akiwa amezuia mipira 3,289, ni mtu mmoja tu aliyempita katika historia yote ya ligi, na mara 4 akachaguliwa mlinzi bora wa mwaka. Kile kidole chake cha kukataza, hapana hapana si nyumbani kwangu, watoto wa basketi wa hapa wanakifanya hata wale wasiojua kilianza kwa nani. Sawa, hayo ya uwanjani wenye kupenda michezo watayasema vizuri kuliko mimi. Mimi nakaa kwenye hospitali. Mama yake, Biamba Marie, alifariki Kinshasa 1997, vita vimefunga njia, hakufikishwa hospitali. Miaka 10 baadaye, 2007, mtoto akafungua pale Masina hospitali ya vitanda 300 yenye jina la mama, na mamilioni mengi ya dola yaliyoingia mule yalitoka mfukoni mwake mwenyewe. Udaktari aliukosa akajenga nyumba ya madaktari. Tuko na wangapi wenye pesa kumpita, ambao wakiumwa jino wanapanda ndege? Naacha hapo, ni feti.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye, Mei 2025, miaka 87, jimbo la Georgia kule Marekani, kumbe jimbo lile lile alikofia Mutombo. Mzee aliyefungwa nchini kwao Kenya, akaandika riwaya gerezani kwa Kigĩkũyũ kwenye karatasi za chooni, akaenda kumalizia ugenini. Raila Odinga alifia India tarehe 15 Oktoba 2025, miaka 80, lakini yeye watu wake walimrudisha upesi, siku ya nne tu akawa ardhini kwao Bondo, na umati tuliouona kwenye telefone, watu wakitembea kwa miguu kufuata jeneza, ule ndio kilio. Niliona wivu, nasema ukweli.

Halafu kuna kituko cha Ndaye Mulamba ambacho wazee wa mpira hawachoki nacho. Mabao 9 katika Kombe la Afrika la 1974 kule Misri, rekodi ambayo haijavunjwa. Mwaka 1998, kombe liko Burkina Faso, uwanja mzima ukasimama kimya dakika moja kumkumbuka juu habari ilifika kwamba amekufa. Kumbe eko hai, Afrika Kusini, anatafuta maisha ya kila siku. Alikufa kweli 2019, huko huko Afrika Kusini. Walimlilia akiwa mzima, na alipokufa kweli wengi hawakujua hata.

Ila si umbali peke yake unaokataza kilio. Delcat Idengo, yule mwimbaji, alipigwa risasi Goma kwenyewe, 13 Februari 2025, akiwa anatengeneza video ya wimbo. Hakufia ugenini. Na mwanzo ule wa mwaka, vita vilipoingia Goma, halafu Bukavu, watu wengi waliwazika wao haraka haraka, bila turubai, bila usiku wa kukesha, wengine bila hata kujua nani ako mu shimo gani. Ndugu wa Goma na Bukavu munaosoma hii, bonane yenu siijui niitumeje. Naituma tu. Shemeji zangu mulioko kule, mukipata netiweki mutume hata audio fupi, hata ya kunitukana, nitafurahi.

Sasa nimepanga hivi. Tarehe 1, baada ya kula, mvua ikituhurumia, tunakaa nje chini ya mwembe, na kila mmoja anachagua marehemu mmoja aliyefia mbali anatusimulia, ukweli au na chumvi, kama kwenye kilio cha kawaida. Mjomba ameshachukua Ndaye, musimguse. Mimi namchukua Mudimbe. Shangazi anasema atamleta Papa, na mtoto wake mrefu anataka Mutombo, ameanza na mazoezi ya kidole. Raila na Ngũgĩ bado hawana mtu. Kinywaji chetu cha munkoyo kitakuwepo, vinkubala pia, wale viwavi wa kula, kama bei haijapanda. Karibuni wote, bonane njema, ila kila mtu aje na kiti chake juu vya kwetu havitoshi.