Umati wenye mawe si baraza la wazee

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kimya kwa miaka mingi, lakini taarifa ya wiki iliyopita kuhusu kijana aliyeuawa na umati siwezi kuinyamazia, kwa kuwa mwandishi wako alimalizia kwa kusema kwamba pasipo serikali hakuna haki, kuna kisasi tu. Hilo si kweli.

Kabla ya Waingereza kuja, Wakipsigis na Wanandi wa hapa Kenya hawakuwa na polisi wala jela, na ugomvi wao ulikatwa katika kokwet, yaani baraza la majirani. Mkosaji alilipa fidia kwa kuogopa laana ya wazee na kutengwa na watu aliowahitaji katika kilimo na malisho. Iceland nako, tangu mwaka 930 hadi 1262, palikuwa na sheria na mahakama bila mfalme wala askari wa kutekeleza hukumu. Mnyonge asiyeweza kumfuata mdeni wake aliruhusiwa kulikabidhi dai lake kwa mtu mwenye nguvu. Ruhusa hiyo ndiyo kiini cha jambo, kwa sababu haki isiyo na dola humwacha mtu asiye na ndugu mikono mitupu.

Nasema hivyo kwa kuwa yamenipata. Mwaka 2011 ng'ombe wa jirani waliingia shambani mwangu hapa Njoro usiku, wakala ekari nzima ya mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba. Sikwenda mahakamani, nilikwenda kwa wazee, kwani niliiamini njia hiyo na ninaiamini hadi leo. Nilimkuta mwenyekiti ni shemeji yake mwenye ng'ombe, nikadaiwa ada ya kikao kabla sijafungua kinywa, na nilipoomba mtu wa kusimama nami nikajibiwa kwamba mgeni hana ukoo hapa, mimi niliyeishi Njoro zaidi ya miaka ishirini na kuwafundisha hesabu watoto wa wazee hao hao, nikiwajua kwa majina hadi wajukuu! Sikupata hata debe moja la mahindi. Nilipokimbilia ofisi ya serikali niliambiwa nilete pesa za mafuta ya gari ndipo mtu aje kuliona shamba, kwa hiyo asidhani mwandishi wako kwamba muhuri peke yake huleta haki. Watu waliokwisha kuuziwa haki pande zote mbili ndio wanaookota mawe.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama ziendeleze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisivunje haki za msingi. Sharti hilo ni la lazima, maana hata katika xeer, yaani sheria ya jadi ya Wasomali, iliyodumu baada ya serikali yao kuanguka mwaka 1991, kwa desturi fidia ya mwanamke aliyeuawa ni nusu ya ile ya mwanamume.

Pendekezo langu ni hili: kila upande uchague wazee wawili, wanawake wakiwemo, na hao wanne wamchague wa tano kutoka ng'ambo ya mto, asiye na shamba wala mkwe upande huu. Mzee yeyote asipokee hata kikombe cha chai hadi fidia ilipwe. Hukumu iandikwe katika daftari na kusomwa sokoni siku ya soko, na asiye na ukoo aruhusiwe kumteua jirani yeyote amfuatilie dai lake. Daftari la kwanza nitalinunua mimi.

Mwalimu mstaafu,
Njoro, Nakuru