Injini imefanyiwa ovahoo na haivuti? Pimeni taimingi kabla ya kufungua hedi tena

Mhariri,

Msomaji wako aliyeandika kwamba injini ikishafumuliwa na kufungwa upya (ovahoo) haiwi injini tena ameniudhi kidogo, ingawa hasira yake naielewa. Kwa maelezo yake, Corolla 110 yake ilisagwa hedi, ikawekwa pistoni na ringi mpya, ikaunguruma vizuri pale gereji. Ilipoingia barabarani ikawa haivuti, inachemsha, inakunywa mafuta. Akaambiwa gasketi imeungua, hedi ikafunguliwa mara ya pili, na ugonjwa ukabaki uleule. Mimi ni makanika hapa Ngamiani, Tanga, tangu enzi za Peugeot 504, na nikisikia dalili hizo tatu zikitajwa pamoja kwenye injini iliyotoka kufungwa, gasketi siyo ya kwanza kuishuku. Naishuku taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche: cheche inachelewa.

Cheche ikichelewa, petroli inaendelea kuwaka wakati pistoni imeshashuka na valvu ya moshi inaanza kufunguka. Nguvu iliyopaswa kusukuma pistoni inageuka joto la bure kwenye hedi na manifoldi. Iache injini hiyo ikiunguruma gizani uone manifoldi inavyoanza kuwa nyekundu. Hapo rejeta inalaumiwa, thermostati inatupwa, feni inabadilishwa.

Cheche inayowahi ina kelele zake: gari linagonga ukikanyaga mafuta mlimani, na asubuhi starta inazunguka, inagoma ghafla, inazunguka tena. Mwenye gari anaambiwa, "Bado imebana, mzee, itafunguka yenyewe." Kubana kwa ringi mpya kupo kweli, lakini kunaulemea mzunguko wote kwa usawa. Starta inayokwenda kwa kushtukashtuka inapambana na pistoni inayopigwa moto ikiwa bado inapanda. Ukiendelea kusubiri ifunguke, utanunua starta.

Sasa kuhusu hiyo Corolla. Kama injini yake ni 5A-FE, inapimwa ikiwa imepata moto na iko sailensa (inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta), na taimingi yake ni nyuzi 10 za mzunguko wa krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kabla ya pistoni namba moja kufika juu kabisa. Lakini hizo 10 hazisomeki hivihivi. Lazima kwanza uunganishe matundu mawili yenye alama TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kwenye kile kiboksi cha uchunguzi kilicho chini ya boneti. Usipofanya hivyo kompyuta inaiwahisha cheche kadiri inavyoona inafaa. Fundi anamulika alama ya puli ya krenki kwa taa ya taimingi, anaona tuseme 14, anazungusha distributa (kigawa cheche kwa plagi) mpaka isome 10, anakaza bolti. Hapo ameshaichelewesha, na kwa kuwa ametumia taa ataapa kwamba iko sawa. Vijana wengi wenye bidii naona wanaangukia hapa, na inaniuma kuliko wale wasiopima kabisa.

Kuna jambo la hatari zaidi, nalo ni mkanda wa taimingi kuruka jino moja wakati wa kufunga. Kwenye injini hii distributa inazungushwa na kamshafti, shafti inayofungua valvu, kwa hiyo kamshafti ikikosewa, cheche nayo inakosewa. Fundi anaisahihisha kwa kuisukuma distributa, taa inasoma 10, kila mtu anafurahi. Valvu lakini bado zinafunguka kwa wakati usio wake, na distributa haiwezi kuzirekebisha. Angalia lile tundu refu la bolti ya distributa: kama imebidi isukumwe hadi mwisho ndipo isome sawa, iache hapo, fungua kava la mkanda.

Hata alama ya puli ya krenki isiaminiwe tu kwa sababu ipo. Puli nyingi zina raba kati ya kitovu na duara la nje; raba ikizeeka, duara linateleza na alama inahama nalo. Na kwenye ovahoo za kwetu mara nyingine puli imetoka kwenye injini nyingine kabisa. Ng'oa plagi namba moja, zungusha krenki kwa spana, ipime pistoni kwa bisibisi ndefu kupitia tundu la plagi mpaka ifike juu, kisha tazama alama inasema nini.

Kwa wenye pikapu za kabureta, mnapofunga distributa: pistoni namba moja inafika juu mara mbili ndipo kamshafti imalize mzunguko mmoja, mara ya kwanza ikigandamiza, mara ya pili ikitoa moshi. Ziba tundu la plagi kwa kidole huku krenki ikizungushwa kwa spana. Upepo ukikisukuma, hapo ndipo rota (mkono unaozunguka ndani ya distributa) ielekee waya namba moja, na nyingine zifuate 3, 4, 2 kwa injini nyingi za silinda nne. Ikifungwa kwenye mpando wa moshi, injini haiwaki, inalipua kwenye kabureta tu. Hilo angalau halijifichi.

Wapo wazee wenzangu wanaoweka taimingi kwa sikio, na sikio zuri lina kazi yake kwenye injini uliyoizoea. Kwenye injini ambayo hedi imesagwa, tapeti ni mpya na mkanda umefungwa jana, sikio halina cha kulinganisha nacho. Gereji inayofanya ovahoo bila taa ya taimingi ni kama fundi cherehani asiye na futi.

Ombi langu kwa wenye magari: msilipe salio la ovahoo kabla hamjaonyeshwa alama chini ya taa, waya ukiwa kwenye TE1 na E1, na risiti iandikwe nyuzi zilizosomwa. Baada ya hapo lipandisheni gari mlima wa kutoka Mombo hadi Soni, fundi akiwa ndani. Likigonga au likichemsha njiani, arekebishe palepale, kwa gharama yake.

Fundi wa magari,
Ngamiani, Tanga