Mhariri, tupeni mpelelezi mwenye nuksi

Mhariri,

Hadithi za mfululizo za magazetini nazisoma zote, lakini wallahi hawa wapelelezi wamenichosha. Kila mmoja shujaa, akiingia chumbani tu keshajua nani kaua na kwa kisu gani. Najua tumerithi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tangu kile kitabu cha kwanza cha 1960 yuko na kiko chake mdomoni, avuta na kufikiri mpaka siri yajitoa yenyewe, Willy Gamba wa Elvis Musiba naye ni kupanda ndege na kuua watu (huyo hata si wa kibinafsi, ni mtu wa serikali), na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ndo kabisa, risasi zampita kando utadhani zamjua jina. Nawapenda wote, nimekua nao. Ila sasa nataka mmoja anaeshindwa.

Nasema mpelelezi wa kibinafsi wa hapa hapa Mombasa, ofisi chumba kimoja juu ya duka la spea Mwembe Tayari, kodi hajalipa, na kazi yake si mauaji, ni waume za watu. Mke ashuku, alipa nusu, ataka picha. Haya, mtu utamfuataje Mji wa Kale usijulikane? Hujamaliza kichochoro kimoja wazee wa barazani washakuuliza we kijana wa nani, wamtafuta nani, kisha wakukaribisha kahawa na kashata, wakaa kwa adabu, na yule unaemfuata apita mbele yako akuamkia vizuri tu. Au avuke Likoni. Yeye na gari lake kaingia feri, wewe uko nyuma na tuktuk, geti lafungwa, wabaki kuiangalia feri yaondoka na mume wa mtu kaegemea reli ala mabuyu. Ushuke utembee? Kwa miguu ni bure, sawa, lakini ng'ambo yeye ana gari na wewe una miguu na madeni. Mwandishi hodari akae hapo kurasa mbili nzima, mimi sitachoka.

Halafu maiti. Lazima iwepo, bila hiyo ni vichekesho vya runinga na hivyo tumeshiba. Hapa ndo naogopa waandishi watakosea, kicheko kiwe juu ya mpelelezi, si juu ya marehemu. Mfano yule mume apatikana kafa ndani ya gari karibu na Kilindini, na wa mwisho kumpiga picha ni nani? Huyu wetu. Akizipeleka polisi yeye ndo mshukiwa, asipozipeleka mjane amdai maana kalipa nusu, na tangu ile sheria ya kulinda data ya 2019 hizo picha zenyewe zaweza kumpeleka kortini. Mazishini aenda, asimama nyuma ajifanya rafiki, mara avutwa mbele ashike jeneza, na ajikuta alia kweli kweli, kwa sababu ni yeye peke yake ajuae kuwa mpango wa kando haukuwepo, yule bwana kila Alhamisi alikuwa aenda Kongowea kumuosha miguu mamake mgonjwa ambae mkewe hampendi. Sasa amwambie mjane ama asimwambie? Na ile nusu ya pili?

Watasema stori za giza za wapelelezi ni za Wamarekani, mvua na makoti marefu. Kweli zilishika kwao, kwenye majarida ya bei rahisi miaka ya 1920, na Dashiell Hammett mwenyewe, mwandishi wao mkubwa wa stori hizo, aliwahi kuajiriwa mpelelezi wa Pinkerton, kampuni ya upelelezi, kabla hajashika kalamu, ndo maana watu wake wachoka kama watu wa kazi. Sisi makoti tuyaache huko. Mtu wa koti Mombasa mwezi wa pili hafiki Makupa kabla watu hawajamzunguka kumuuliza ana nini. Tuandikieni jua la saa saba, stima imepotea, jasho latiririka, mtaa mzima wajua nani kafanya nini na hakuna anaesema.

Na tafadhali asije akawa shujaa sehemu ya kumi. Nawajua wahariri, wasomaji wakishaanza kumpenda mtampa gari na mchumba. Muacheni na tuktuk ya kukodi. Na matangazo ya tanzia yahamisheni ukurasa mwingine, marehemu mmoja kwa ukurasa yatosha.

Msomaji wenu,
Majengo, Mombasa