Si kila "reduce" ni kupunguza

Mhariri,

Habari nyingi za afya, sayansi na historia zinazoandikwa kwa Kiswahili hutafsiriwa kutoka Kiingereza, na wafasiri wake wamezoea kukipa kitenzi reduce maana moja tu: kupunguza. Ndipo zinapozaliwa sentensi kama "daktari aliupunguza mfupa uliovunjika", "jeshi liliipunguza ngome" na "kaboni hupunguza mbale ya chuma". Anayesoma ya kwanza anaweza kudhani mgonjwa amekatwa mguu. Sarufi haina kasoro, kwa hiyo mhakiki naye anaipitisha bila kushtuka.

Tatizo ni kwamba kamusi nyingi za kila siku huanza na maana inayotumika zaidi leo, na kwa neno hili maana hiyo ndiyo kitinda mimba. Reduce limetoka katika Kilatini, reducere: re- ni nyuma au tena, ducere ni kuongoza. Maana yake ya asili ni kurudisha, kumwongoza mtu au kitu kirejee kilikotoka. Lilipoingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14 lilitumika kwa mtu aliyerejeshwa kwenye imani au mwenendo mwema, au jambo lililorudishwa kumbukumbuni. Ndugu zake conduct, produce na introduce hawana hata chembe ya upungufu ndani yao. Hata redoubt, kiboma cha askari kujihami, ni wa ukoo huohuo: limepitia Kiitalia na Kifaransa likiwa na maana ya mahali pa kurudi kujisitiri. Ile b iliyomo ndani yake ilipachikwa baadaye kwa kuchanganywa na maneno mengine, wala haina kazi yoyote.

Waingereza wa zamani walipotaka kusema kitu kimepungua walikuwa na maneno mengine: lessen, abate, diminish, na minish ambalo leo limekufa. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inayaonyesha vizuri. Maji ya gharika katika Mwanzo 8:3 yali-abate. Katika Kutoka 5, hesabu ya matofali ambayo Waisraeli hawakuruhusiwa kuipunguza imetajwa kwa diminish katika mstari wa 8, na kwa minish katika mstari wa 19.

Maana ya kupunguza iliingiaje basi? Iliingia kupitia kihusishi to. Kitenzi hiki kwa kawaida hakikukaa peke yake. Mara nyingi kulikuwa na mahali kitu kinapopelekwa: kwenye utaratibu, kwenye utii, kwenye majivu, kwenye ufukara. Mengi ya mahali hapo ni pa chini kuliko kitu kilipokuwa. Kufikia karne ya 16 mtu angeweza kuwa reduced kwa kushushwa hali, na katika karne ya 17 kwa kushushwa cheo. Wazo la kushuka likakiganda kitenzi chenyewe, hadi kikaweza kusimama bila to na bado kikaeleweka kuwa ni kushusha. Maana tupu ya kufanya kiasi kiwe kidogo ilishika mizizi kuelekea mwisho wa karne ya 18. Kwa hiyo maandishi yoyote ya Kiingereza yaliyotangulia wakati huo yasomwe kwa tahadhari.

Mfano mkali kuliko yote umo katika hotuba ya mwisho ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Mfalme Richard III. Richmond amekwisha kumshinda Richard katika vita vya Bosworth, vita ambavyo katika historia vilipiganwa mwaka 1485. Anamwomba Mungu a-abate makali ya wasaliti ambao wange-reduce siku hizi za damu. Mfasiri anayetegemea maana za leo ataandika kwamba wasaliti wanataka kupunguza siku za umwagaji damu, na kwamba Richmond anamwomba Mungu awazuie. Mshindi anageuka adui wa amani katika ombi lake mwenyewe la amani! Reduce pale ni kurudisha: wasaliti wanataka kuzirejesha siku za damu. Na abate haihusu kiasi kabisa. Ni kuyafanya makali yawe butu. Kuna maneno mawili ya upungufu katika mistari miwili, na hakuna hata moja linalotafsirika kwa kupunguza.

Turudi kwa daktari, maana hapa kosa linaweza kumdhuru mtu. Katika tiba ya mifupa, reduction imebaki na maana yake ya kale bila kutikisika: kurudisha mfupa mahali pake. Kwa mkono uliovunjika karibu na kifundo, kwa mfano, mhudumu hupima kwanza mapigo ya damu na hisia za vidole, hutoa ganzi au dawa ya usingizi, kisha mmoja huvuta mkono huku mwingine akishikilia upande wa juu, ili vipande vilivyopandana viachane. Baada ya kuviachanisha huvisukuma vikae sambamba, hupima tena mapigo ya damu na hisia, hufunga plasta au banzi, na hupiga picha ya eksirei kuhakikisha vimekaa sawa. Hayo yakifanyika bila kupasua ngozi huitwa closed reduction. Ikibidi kupasua ni open reduction. Hakuna kinachopunguzwa. Mfupa uliokuwa umefupika kwa kupandana unarudi kwenye urefu wake, yaani kinachotokea ni kinyume kabisa cha neno alilochagua mfasiri. "Kuurudisha mfupa mahali pake" inatosha, tena mgonjwa anaielewa.

Ngiri ndiyo yenye hatari zaidi. Ngiri iliyo reducible ni ile inayorudi ndani mtu anapolala au inaposukumwa taratibu. Iliyo irreducible hairudi. Ukiandika "ngiri inayopungua", msomaji anaelewa kwamba inapona yenyewe. Ukiandika "ngiri isiyopungua", anaelewa kwamba imebaki na ukubwa uleule, hivyo hakuna la kuharakia. Ukweli ni kwamba ngiri iliyokuwa ikirudi ikaacha kurudi, hasa ikiambatana na maumivu makali, kutapika au ngozi ya juu yake kubadilika rangi, inaweza kuwa imebana utumbo na kuukatia damu. Hiyo ni dharura ya kufika hospitali mara moja. Andikeni "inayorudi" na "isiyorudi".

Katika historia ya vita, kuanzia karne ya 17, ku-reduce mji au ngome ni kuitiisha kwa silaha, mara nyingi kwa kuizingira. Tafsiri yake ni kuteka au kutiisha. Kikosi kilichokuwa reduced, katika maandishi ya wakati huo, mara nyingi ni kilichovunjwa, si kilichopunguziwa askari. Na ziko zile reductions za Paraguay. Hayo ni makazi ambayo Wajesuti, watawa wa Kikatoliki, walianza kuyajenga mwaka 1609 ili kuwakusanya Waguarani, wenyeji wa huko waliokuwa wakiishi wametawanyika, na waliyaendesha hadi Mfalme wa Hispania alipoamuru wafukuzwe mwaka 1767. Neno la Kihispania ni reducción, na wazo lake ni kuwaleta watu kwenye mji, kwenye kanisa na chini ya sheria. Ukiandika "upunguzaji wa Waguarani" umemweleza msomaji habari ya mauaji ambayo hayakuwa maana ya neno. "Makazi ya misheni" yanafaa.

Hesabu nayo ina kichekesho chake. Katika vitabu vya zamani vya hesabu vya Uingereza kulikuwa na somo zima liitwalo Reduction, na kazi yake ilikuwa kubadili vipimo: pauni kuwa shilingi na peni, tani kuwa ratili. Kabla ya mwaka 1971 pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Mwanafunzi aliyeambiwa a-reduce pauni 3, shilingi 7 na peni 4 ziwe peni alizidisha 3 kwa 20 akapata 60, akajumlisha 7 kuwa 67, akazidisha 67 kwa 12 akapata 804, kisha akajumlisha 4: peni 808. Kosa la kawaida ni kuzidisha kwa 12 kabla ya kujumlisha zile shilingi 7, na jibu linapungukiwa peni 77. Tazama sasa: kutoka 3 tumefika 808, na bado jina ni reduction, tena ya kushuka, kwa sababu tumeshuka kutoka kipimo kikubwa hadi kidogo. Thamani haikubadilika hata kidogo. Vivyo hivyo na sehemu: 18/24 ukigawanya juu na chini kwa kigawo kikubwa cha shirika, 6, unapata 3/4. Tarakimu ni ndogo, kiasi ni kilekile. Hapo Kiswahili kina kurahisisha, neno zuri lisilodanganya, wala hatuoni sababu ya kuliacha.

Kemia ndiyo inayoumiza wanafunzi wengi. Wayeyushaji madini walikuwa na wazo rahisi: chuma au shaba iliyogeuka kuwa kitu kama udongo au majivu inaweza kurudishwa kuwa metali kwa kuchomwa pamoja na makaa. Kurudishwa huko ndiko reduction. Katika tanuri, kaboni monoksidi hunyakua oksijeni kutoka kwenye oksidi ya chuma, na katika kila kilo 160 za oksidi safi hupatikana kilo 112 za chuma. Kilo 48 zilizotoka ni oksijeni. Kwa kuwa uzito umeshuka, ni rahisi kuamini kwamba jina limetokana na kushuka huko. La hasha. Jina lilikuwapo kabla wanakemia hawajajua kuna oksijeni ya kuondoa. Wengi wao katika karne ya 18 waliamini kwamba metali inaporudi imepokea kitu. Mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier ndiye aliyeupindua mtazamo huo kwa mizani, miaka ya 1770 na kuendelea. Oksidi nyekundu ya zebaki ikipashwa moto hutoa zebaki na gesi, na ukipima vyote hesabu inafunga: takriban gramu 217 hutoa gramu 201 za zebaki na gramu 16 za oksijeni.

Baadaye maana ikapanuka. Kuongeza haidrojeni nako ni reduction: asetoni yenye uzito wa molekuli 58 inakuwa alkoholi yenye uzito wa 60. Mwalimu aliyefundisha "kupunguza" aeleze sasa hizo mbili za ziada zimetoka wapi. Kisha ikaja maana ya elektroni: kupokea elektroni ni reduction, kuzipoteza ni oksidisho. Mwanafunzi aliyekariri kwamba reduction ni upungufu atajibu kwenye mtihani kwamba elektroni zimepotea, na amekosa alama kwa sababu ya mfasiri, si kwa uvivu wake. Kupunguza kunaponea chupuchupu mahali pamoja tu: namba ya oksidisho, yaani hesabu ya elektroni ambazo atomu imepoteza, hushuka kweli, chuma kikitoka +3 kwenda 0, kwa kuwa elektroni zina chaji hasi. Sisi tungependa "kurejesha" litumike kwa madini na "kupokea elektroni" kwa ioni, yaani atomu zenye chaji. Asiyelipenda pendekezo hilo aandike kinachotokea, yaani oksijeni imeondolewa au haidrojeni imeongezwa, aachane na kutafuta neno moja la kubeba yote.

Jikoni neno linasomeka kama kupunguza na kweli mchuzi unapungua, ila kupungua si lengo. Lengo ni ladha na uzito. Kwa hiyo "punguza mchuzi" inaweza kumfanya mpishi amwage nusu yake. Aambiwe auchemshe bila kifuniko, katika sufuria pana, hadi ukauke kufikia kiasi fulani. Chumvi itiwe mwisho, maana yenyewe haigeuki mvuke: lita moja yenye gramu 10 za chumvi ikibaki robo lita, bado ina gramu zilezile 10, na ukali wake ni mara nne.

Linabaki suala la wahariri wa habari za uchumi na takwimu, ambako reduce ni kupunguza kweli, lakini by na to hupokezana kimakosa. Kitu kilichokuwa 500 kiki-reduce by 40% kinabaki 300. Kiki-reduce to 40% kinabaki 200. Ya kwanza ni "kimepungua kwa asilimia 40", ya pili ni "kimepungua hadi asilimia 40 ya kilivyokuwa", na hayo maneno ya mwisho yasikatwe kwa ajili ya nafasi. Punguzo la asilimia 20 likifuatwa na jingine la asilimia 20 ni asilimia 36, si 40, kwa sababu la pili linakatwa kwenye 400 na siyo kwenye 500. Kiwango kikitoka asilimia 10 hadi 8 kimeshuka kwa pointi 2 za asilimia, au kwa asilimia 20 ya kilivyokuwa. Kuandika "kimepungua kwa asilimia 2" ni kosa. Mhakiki akiwa na namba mbili za mwanzo na mwisho, afanye hesabu mwenyewe kabla ya kukiamini kitenzi.

Wenu,
Wafasiri, wasomaji wa gazeti hili