Barua ya malalamiko: taa za LED mlizoniambia nifunge mwenyewe

Tabata, Dar es Salaam
9 Juni 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja
Duka la Vifaa vya Magari
Kariakoo

Ndugu Meneja,

YAH: SETI YA TAA ZA LED ZA NYUMA YA GARI NA DHAMANA MLIYOIKATAA

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Tarehe 22 Februari nilinunua dukani kwenu seti ya taa za LED za nyuma kwa shilingi 85,000: mkanda wa sentimita 120 wenye taa za breki, za usiku na za rivasi, unaobandikwa chini ya mlango wa buti, glopu mbili za indiketa na resista mbili. Risiti ya EFD ninayo. Tangazo lenu, ambalo nililipiga picha siku ileile, linasema: "Funga mwenyewe nyumbani, dakika 20 tu, huhitaji fundi." Chini yake mmeandika: "Dhamana miezi 12." Tarehe 3 Juni niliuleta mkanda ukiwa umekufa nusu. Kijana wenu wa kaunta aliniuliza swali moja tu: "Nani alifunga?" Nikasema mimi. Akanirudishia boksi. Dhamana, akasema, haihusu mzigo uliofungwa na mtu asiye fundi wenu, na fundi wenu anafunga kwa shilingi 45,000.

Nimekaa na jibu hilo siku sita na bado halijaniingia akilini. Mliniambia nifunge mwenyewe. Nimefunga mwenyewe, na sasa hilo ndilo kosa langu.

Mimi si fundi wa magari, ila natengeneza redio na subufa kwa miaka mingi. Multimita, yaani kipima umeme, ninayo, na kuchomea waya kwa risasi ndiyo kazi inayonilisha. Wala sikununua taa zile kwa urembo. Natumia Toyota IST kubebea spika za shughuli, narudi usiku wa manane kwa Barabara ya Mandela nikiwa katikati ya malori yanayotoka bandarini. Mwezi Januari lori moja lilinifungia breki nyuma, karibu kiasi kwamba kwenye kioo niliona grili peke yake. Ndipo nikaanza kutafuta taa za LED, maana glopu ya kawaida lazima uzi wake upate moto kwanza ndipo iwake vizuri, ila LED inawaka papo hapo. Tofauti ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakuwa limeshakwenda mita nne na ushee. Mtu anayefuatwa na kontena mita nne hazidharau.

Kufunga kulinichukua saa nne, si dakika 20, na hapo nina vifaa vyote na mwanangu wa kidato cha pili kazi yake ni kukanyaga breki nikimwambia kanyaga. Kutoa kapeti ya buti, kufungua taa, kutafuta kwa multimita waya upi ni wa breki na upi wa rivasi, kupitisha nyaya kwenye mpira wa mlango ili zisikatwe na bati, kusafisha sehemu ya kubandika kwa spiriti. Muda wala si malalamiko yangu. Ninautaja ili mjue kwamba sikubahatisha.

Nilikosea jambo moja tu, na nalikiri: niliiamini karatasi yenu ya maelekezo. Imeandikwa kwamba waya mwekundu wa mkanda ni wa breki na wa bluu ni wa taa za usiku. Nikaunga hivyo. Jioni ile nikapeleka spika Temeke, nikarudi usiku. Kwenye foleni ya Buguruni konda wa daladala iliyokuwa ubavuni alitoa kichwa dirishani akaniambia, "Mzee, toka Tazara umekanyaga breki!" Nikacheka. Nilipofika nyumbani nikawasha taa, nikazunguka nyuma kuangalia, sikucheka tena. Mkanda ulikuwa unawaka mwekundu kwa nguvu zote, na mwanangu alipokanyaga breki haukubadilika hata kidogo. Taa za breki za gari lenyewe ziliwaka, lakini pembeni ya ule mwanga zilimezwa. Yaani nilikuwa nimelipa shilingi 85,000 ili dereva wa lori asijue ninasimama lini.

Asubuhi nikaufungua mkanda na kuupima juu ya meza kwa betri. Waya mwekundu: ampea 0.11, mwanga hafifu. Waya wa bluu: ampea 0.86, mwanga mkali. Karatasi imezigeuza. Nikabadilisha mwenyewe, ikakaa sawa, nikanyamaza. Hapo ndipo nilipopaswa kuwaandikia, maana mimi ninayo multimita, lakini yule atakayenunua kesho huenda ana bisibisi na tepu tu.

Kuna na zile resista. Najua kazi yake: glopu ya kawaida ya indiketa ni ya wati 21, inavuta karibu ampea mbili, ila ya LED inavuta kidogo sana, kwa hiyo flasha ya gari, ile inayopepesa indiketa, inadhani glopu imeungua na indiketa inaanza kupepesa mbiombio. Resista inaidanganya flasha kwa kula umeme ule uliopungua. (Ndiyo maana maneno "inaokoa umeme" yaliyo kwenye boksi lenu yalinichekesha. Kinachookolewa na glopu kinachomwa na resista.) Resista ya om 6, injini ikiwaka, inatoa joto la wati zaidi ya 30 kila indiketa inapowaka. Niliwasha hazadi dakika kumi nikaigusa, nusura niache ngozi. Karatasi yenu inaelekeza ibandikwe kwa tepu ya pande mbili "nyuma ya taa", na nyuma ya taa ni plastiki. Mimi nilizifunga kwa skrubu kwenye bati la bodi, mbali na nyaya, kwa hiyo kwangu hakuna kilichoyeyuka. Kwa mwingine sijui, na ninyi pia hamjui.

Sasa nifike kwenye kilichokufa.

Masika yalipoanza, maji yaliingia ndani ya mkanda. Boksi limeandikwa IP67. Alama hiyo maana yake kitu kinaweza kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa na kisidhurike. Huu haukuzamishwa popote, ulipigwa mvua tu kama kila gari la Dar es Salaam, na kila nikikata kona maji yanakimbia kutoka kushoto kwenda kulia mule ndani, unayaona. Kifuniko cha mwisho kilikuwa kimegandishwa kwa tone moja la gundi. Mahali nilipokata au kuunga waya ni ndani ya buti, pakavu mpaka leo. Maji hayakupita kwangu.

Kisha taa nyeupe, zile za rivasi, zikaanza kuzimika kwa mafungu ya tatu tatu. Nilipoona tatu tatu nikajua, maana hata kwenye redio ugonjwa wa aina hii una sura yake. Boksi lenu linasema mkanda unafaa kwa volti 9 hadi 30, hivyo pikipiki, gari dogo na lori, vyote twende. Kitu cha kuhimili volti 9 hadi 30 lazima kiwe na saketi ya kudhibiti umeme ndani yake. Nimeangalia kwa lenzi: haimo. Kuna LED tatu mfululizo na kiresista kimoja, tena LED tatu na kiresista, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Fanyeni hesabu pamoja nami. LED nyeupe moja inakula kama volti 3.2, tatu ni 9.6. Betri ikiwa na volti 12, kinachobaki kwa resista ni volti 2.4. Injini ikiwaka, alteneta, ile jenereta inayochaji betri, inapandisha umeme hadi volti 14.4, na resista inabaki na 4.8. Ni mara mbili, na mkondo unaopita kwenye LED unakuwa mara mbili pia. Zile nyekundu bado zipo hai kwa sababu LED nyekundu inakula kama volti 2 tu, kwa hiyo ongezeko lake ni asilimia 40, si 100. Kwenye lori lenye volti 28 injini ikiwaka, zile nyeupe zingepitisha mkondo karibu mara nane ya ule wa volti 12. Hazingefika hata geti la bandari. Na kwenye volti 9 hazitoshi hata kuwaka sawasawa. Hizo namba 9 na 30 hazina msingi wowote ndani ya mkanda huu.

Hapo mfungaji anaingiaje? Fundi wenu wa shilingi 45,000 angeshusha volti za alteneta? Angeziba kifuniko ambacho kiwandani hawakukiziba?

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie shilingi 85,000. Sitaki seti nyingine ya aina hiyo, kwa hiyo msinipe ofa ya kubadilishiwa. Muiondoe karatasi ile kwenye maboksi yote yaliyobaki rafuni na kuweka yenye rangi sahihi za nyaya, na muwapigie walionunua kabla yangu. Namba zetu za simu mnazo, maana kila Ijumaa mnatutumia matangazo. Hili la nyaya nalisisitiza kuliko hela yangu. Halafu mchague moja kati ya "funga mwenyewe" na "lazima fundi wetu", mliandike mbele ya boksi mteja alione kabla hajalipa.

Nawapa siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka nakala ya barua hii, risiti, picha ya tangazo na vipimo vyangu Tume ya Ushindani, FCC, na nakala nyingine Shirika la Viwango, TBS, kuhusu alama ya IP67 na zile volti. Jibu la "tumelipokea, tunalifanyia kazi" sitalihesabu kuwa jibu.

Kwa sasa nimerudisha taa za zamani za gari. Mkanda upo kwenye boksi lake pale kibandani kwangu, na yeyote mtakayemtuma aje auone, saa za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi. Maji yaliyomo sijayamwaga.

Wako,
Mteja, Tabata