Kwa nini video ya harusi yako tunaitoa kwa faili mbili

Mteja akishachukua flashi yake, haipiti siku kabla hajapiga simu: "Mbona kuna faili mbili, na moja ni ndogo? Hiyo ndogo ndiyo mbovu?" Hapana. Zote ni harusi ile ile, na kwa macho ya kawaida ni vigumu kuzitofautisha. Zimebanwa kwa kodeki tofauti, yaani njia tofauti za kubana video, basi.

Video lazima ibanwe. Picha ya HD kamili ina pikseli 1920 kwa 1080, nasi tunarekodi fremu 25 kila sekunde. Tungeiacha hivyo hivyo, saa moja ingekula takriban GB 280. Kodeki inapunguza mzigo huo kwa kutorudia kisichobadilika: ukuta wa ukumbi hauandikwi upya kila fremu. Ndiyo maana hotuba ya mzee meza kuu inabanika kirahisi. Kazi iko kwenye zawadi: kamati inaingia ikicheza, taa zinazunguka, gauni linametameta, kila kitu kinabadilika kwa mpigo, na video iliyobanwa kupita kiasi huanza kutoa vijisanduku kwenye nyuso za watu. Tukipima ubora tunaangalia hapo. Hotuba tunaziruka, wazee watusamehe.

Faili kubwa ni ya H.264, kodeki ya mwaka 2003. Uzee wake ndio faida yake, maana karibu kila runinga na simu inaifungua. Tunaitengeneza kwa x264, programu huria kutoka kwa watu wa VideoLAN, hao hao wa VLC, ile programu ya kuchezea video. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa moja inafika GB 3.6. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao haupokei faili moja inayofika GB 4, kwa hiyo ukiona "sehemu ya 1" na "sehemu ya 2" usidhani tumekatakata sherehe yako.

Faili ndogo ni ya AV1, iliyotolewa mwaka 2018 na Alliance for Open Media, muungano wenye Google, Mozilla, Netflix, Amazon na wengine, waliotaka kodeki isiyodaiwa mrabaha. HEVC, kodeki nyingine ya mwaka 2013, nayo inabana vizuri, na huenda iPhone yako inarekodi kwayo, ila hataza zake ziko mikononi mwa makundi kadhaa na leseni zake ni vurugu tupu. Hatuitumii.

AV1 tunaibana kwa SVT-AV1, programu huria iliyoanzia kwa Intel na Netflix. Kwa kazi zetu megabiti 4 zinatosha, yaani GB 1.8 kwa saa. Gharama yake ni muda: kila fremu inagawanywa vipande kuanzia pikseli 128 kwa 128 hadi 4 kwa 4, na programu inajaribu migawanyo mingi kabla ya kuchagua. Kwa hiyo kompyuta yetu inakesha, na ukiitaka siku hiyo hiyo jibu ni kesho.

Faili hiyo ndogo ndiyo ya kumtumia shangazi aliyeko Muscat bila kumaliza bando. Kwenye WhatsApp itume kama hati, kwa sababu ikienda kama video inabanwa upya na kazi yote inapotea. Kikomo cha hati ni GB 2. Runinga ya zamani itakupa sauti bila picha, au itakataa kabisa. Kwenye iPhone, chipu ya kuifungua AV1 ilianza na iPhone 15 Pro. Simu isiyo na chipu kama hiyo weka VLC, ila chaji itashuka haraka.

Ukitaka kubana mwenyewe, kuna HandBrake, programu ya kubana video iliyo ya bure na huria. Ipakue kwenye tovuti yake rasmi, na uanzie kwenye faili kubwa, kamwe si ile iliyokwishapita WhatsApp. Ndani yake ubora unapangwa kwa namba iitwayo RF: ikishuka, ubora unapanda na faili linanenepa. Kwa x264, 20 hadi 24 inafaa kwa HD kamili. Usiihamishie namba hiyo kwenye SVT-AV1, kipimo chake ni kingine na kinafika 63.

Faili mama tunazihifadhi miezi sita. Ndani ya muda huo, kutoa nakala upya hatutozi. Lete flashi yenye nafasi.